Dawa Iliyosahauliwa Mara Mbili

Mwaka 1952 ni mwaka mashuhuri katika historia ya Nyeri. Mnamo tarehe 6 Februari, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alirithi kiti cha enzi baada ya baba yake kufariki, naye usiku ule alikuwa amelala katika hoteli ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare. Mnamo tarehe 20 Oktoba, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, na nchi yote ya Wakikuyu, Waembu na Wameru ikawekwa chini ya amri kali. Mambo hayo mawili yameandikwa katika kila kitabu cha historia ya Kenya. Lakini mwezi ule ule wa Februari, magazeti ya New York yalitangaza jambo jingine ambalo wakati ule hapana mtu wa Nyeri aliyelisikia, nalo limeokoa roho za watu wa Nyeri wengi kuliko yale mawili. Dawa mpya ya kifua kikuu ilikuwa imejaribiwa katika hospitali ya Sea View, na wagonjwa waliokuwa wamekwisha kukata tamaa wakaanza kula kwa pupa, wakanenepa, na wengine wakaonekana wakicheza dansi katikati ya vitanda vyao. Dawa hiyo ni isoniazidi.

Haikuwa dawa ngeni hata kidogo. Wanakemia wawili wa Prague walikwisha kuitengeneza mwaka 1912, wakaandika namna ya kuitengeneza, kisha wakaendelea na mambo mengine. Miaka arobaini ilipita bila mtu yeyote kujua ya kuwa kitu kilichoandikwa katika kitabu kile chaweza kuua vijidudu vya kifua kikuu. Hii ndiyo mara ya kwanza ya kusahauliwa kwa dawa hiyo. Mara ya pili ilitokea baadaye, nayo ilitugusa sisi wenyewe, watu wa miji iliyouzunguka Mlima Kenya. Habari ya makala haya ni hiyo mara ya pili.

Kwanza yafaa tufahamu ugonjwa wenyewe. Mjerumani Robert Koch alitangaza mnamo tarehe 24 Machi 1882 kwamba kifua kikuu huletwa na kijidudu, wala si urithi wa ukoo wala si laana. Mgonjwa akikohoa, vijidudu huruka hewani, na mtu aliye karibu huvivuta. Walakini kuvuta vijidudu si kuugua. Watu wengi sana, yapata robo ya watu wote wa dunia, wanavyo vijidudu hivyo mwilini mwao, navyo vimelala kama kaa la moto chini ya jivu. Katika watu wenye afya njema, ni tisa au zaidi katika kila kumi ambao hawataugua kamwe, kwa kuwa kinga ya mwili hulifunika kaa hilo maisha yao yote. Huyo mmoja aliyesalia ndiye ambaye siku moja, aghalabu kwa sababu ya njaa au uzee au ugonjwa mwingine, jivu lake hupeperushwa, na moto ukawaka.

Ikiwa ndivyo, msomaji ataona mara moja ya kuwa kuna njia mbili za kupigana na ugonjwa huu. Njia moja ni kumtibu aliyekwisha kuugua. Ya pili ni kulizima kaa kabla halijawaka, yaani kumpa dawa mtu ambaye hakohoi wala hana homa. Njia hii ya pili ni ngumu kueleweka. Wazee wetu walikunywa dawa walipougua, na walipopona waliacha. Nani anywe dawa akiwa mzima? Swali hili si la ujinga. Hata madaktari waliosoma sana walibishana juu yake kwa miaka mingi, kama tutakavyoona.

Milima yetu ina hewa safi, na Wazungu walowezi walipenda kuisifu kwa hilo. Lakini hewa safi iko nje ya nyumba. Nyeri iko juu sana ya usawa wa bahari, na katika mwezi wa Julai ukungu hushuka toka mlimani ukakaa hata adhuhuri. Watu hufunga milango na madirisha, hukaribiana motoni, na moshi hujaa ndani. Madaktari wa misheni waliofika mwanzoni mwa karne ya ishirini, Waskoti huko Tumutumu karibu na Karatina, na Waitalia wa Consolata huko Mathari, walikuta vifua vingi vya kutibu. Mwaka 1931 wataalamu wawili, John Boyd Orr na John Gilks, walichapa uchunguzi wao wa vyakula na afya ya Wakikuyu na Wamaasai, wakaeleza ya kuwa maradhi ya kifua, pamoja na kifua kikuu, yalionekana zaidi kwa Wakikuyu wenye kula nafaka na viazi kuliko kwa Wamaasai wenye kunywa maziwa. Hatuna haja ya kukubali kila neno la wataalamu hao. Twaweza kuongeza jambo moja walilolitilia uzito mdogo: Mkikuyu wa miaka ile alikuwa amepoteza ardhi, naye alikwenda kutafuta kazi katika mabweni ya Nairobi na katika mashamba ya walowezi, akalala chumba kimoja na watu wengi, na alipougua alirudi nyumbani kwa mama yake. Kikohozi kilipanda pamoja naye.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Ili kuwatenga wapiganaji wa msituni na jamaa zao, serikali ya kikoloni iliamuru katika mwaka 1954 watu wote wa migongoni wabomoe nyumba zao na kuhamia katika vijiji vipya. Kwa muda usiotimia miaka miwili, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa. Kabla ya hapo kila jamaa ilikaa katika boma lake, na kati ya boma na boma palikuwa na shamba na mgomba na upepo. Sasa nyumba zilipangwa safu kwa safu, zimekaribiana hata mtu aliweza kumsikia jirani akigeuka kitandani, na kuzunguka kijiji kulikuwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha kali. Amri ya kutotoka nje iliwafungia watu ndani tangu jioni. Wanawake wa Nyeri, ambao waume zao wengi walikuwa kizuizini, walipelekwa kwa nguvu kuchimba handaki refu kando ya msitu, wakarudi jioni wakiwa hawana muda wa kulima wala wa kupika chakula cha maana. Kijiji cha namna hiyo Wakikuyu walikiita gichagi, na mpaka leo wazee wakilitamka neno hilo hawatabasamu.

Nimekaa kidogo juu ya vijiji hivi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu akitaka kulea kifua kikuu kwa makusudi, hataweza kubuni mahali panapofaa zaidi: watu wengi, hewa kidogo, njaa, na hofu. Makambi ya kizuizini yalikuwa na hali mbaya zaidi, na kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyoonekana huko. Sababu ya pili ni kwamba watu wa nchi hii walijifunza katika miaka ile kuiogopa amri yoyote ya serikali iliyosemwa kuwa ni kwa faida yao. Kijiji kilisemwa kuwa ni kwa usalama wao. Mtu aliyepitia hayo hawezi kulaumiwa akimtazama kwa shaka mganga wa serikali anayemwambia, “Huna ugonjwa, lakini kunywa dawa hii.”

Wakati huo huo, jambo jema lilikuwa likitendeka Nairobi. Vitanda vya hospitali vilikuwa vichache mno. Huko Ulaya mgonjwa wa kifua kikuu alilazwa mwaka mzima au zaidi katika nyumba maalumu ya milimani, lakini katika Afrika Mashariki nani angeweza kujenga nyumba za namna hiyo kwa wagonjwa wote? Mwaka 1959 majaribio ya mji wa Madras katika India yalionyesha ya kuwa mgonjwa anayekunywa dawa zake nyumbani hupona sawasawa na anayelazwa. Madaktari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, wakishirikiana na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, walitafuta dawa ya kunywewa nyumbani, tena ya bei ndogo. Waliipata: isoniazidi pamoja na thiasetazoni, dawa iliyovumbuliwa na Mjerumani Gerhard Domagk, zikatiwa zote mbili katika kidonge kimoja cha kila siku. Matokeo ya kwanza yalichapwa mwaka 1960, na kidonge hicho kikaenea katika nchi nyingi maskini za dunia. Kisha katika mwaka 1972 madaktari wa Afrika Mashariki wakachapa matokeo mengine yaliyowashangaza watu: dawa kali zaidi, rifampisini ikiwamo, zaweza kumponya mgonjwa kwa miezi sita badala ya mwaka na nusu. Tiba ya miezi sita inayotumika duniani leo ilianzia kwetu. Si mara nyingi vitabu vya shule hutaja jambo hilo, nami sijui kwa nini.

Na ile njia ya pili, ya kuzima kaa? Nayo ilijaribiwa mapema. Huko New York daktari wa watoto, Edith Lincoln, aliona kwamba watoto waliopewa isoniazidi hawakupatwa na kifua kikuu cha ubongo. Serikali ya Marekani ikafanya majaribio makubwa, na mashuhuri zaidi ni yale ya Bethel katika Alaska, nchi ya barafu, ambako wenyeji walikuwa wakifa kwa kifua kikuu kupita watu wote. Daktari George Comstock alianza kuwagawia vidonge mwaka 1957, na ili watu wasiogope, yeye mwenyewe na jamaa yake walivinywa vile vile. Ugonjwa ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Hata Kenya haikuachwa nyuma. Mwaka 1965 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapa matokeo ya jaribio lililofanywa nchini mwetu na Egsmose, Ang'awa na Poti. Watu waliokuwa wakikaa nyumba moja na wagonjwa wenye vijidudu katika makohozi walipewa, wengine isoniazidi, wengine kidonge kitupu kilichofanana nayo, kisha wakafuatwa na kupimwa. Miaka mingi baadaye wataalamu waliyajumlisha pamoja majaribio ya namna hiyo ya nchi mbalimbali, likiwamo hilo la Kenya, yenye watu zaidi ya elfu sabini, wakakuta kwamba isoniazidi huzuia ugonjwa kwa kadiri ya watu sita katika kila kumi ambao wangeugua.

Basi, Kenya huru ilipokuwa na umri wa miaka miwili tu, dawa ilijulikana, ilikuwa rahisi, ilikuwa imo katika stoo za hospitali zetu, na ilikuwa imejaribiwa katika nyumba zetu wenyewe. Hata hivyo haikutumiwa kwa kinga isipokuwa kwa watoto wachache. Je, serikali ilikosea? Kwa wakati ule nadhani haikukosea. Mwenye ndoo moja ya maji huimwaga juu ya nyumba inayowaka, haendi kuzima makaa ya jirani. Wagonjwa waliokohoa walikuwa wengi, wauguzi wachache, na kila mgonjwa aliyetibiwa alikuwa chemchemi moja ya vijidudu iliyokaushwa. Mwaka 1980 Kenya iliunda mpango wa taifa wa kupambana na ukoma na kifua kikuu pamoja, na hesabu za wagonjwa hazikuwa za kutisha. Wengi waliamini kwamba ugonjwa huu umeanza kwenda zake.

Mwaka 1984 mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI alitambuliwa nchini Kenya.

Virusi vya UKIMWI hushambulia askari wale wale wa mwili wanaolifunika kaa. Tulisema ya kuwa katika watu kumi wenye vijidudu vilivyolala, huugua mmoja au pungufu katika maisha yote. Mwenye virusi vya UKIMWI asiyepata matibabu aweza kuugua kwa kadiri ya mmoja katika kumi kila mwaka. Msomaji afanye hesabu mwenyewe. Kenya ilihesabu wagonjwa wa kifua kikuu zaidi kidogo ya elfu kumi na moja katika mwaka 1990. Kufika mwaka 2007 walikuwa zaidi ya laki moja na kumi na sita elfu, na karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na virusi vya UKIMWI. Mnamo tarehe 25 Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Miji iliyo juu ya barabara kuu na yenye masoko makubwa, kama Karatina, Nanyuki na Embu, ilikuwa na wasafiri, wachuuzi na askari, na kila mahali penye msafara ugonjwa nao hupata lifti.

Katika msiba huo, silaha yetu wenyewe ilitugeukia. Kile kidonge cha isoniazidi na thiasetazoni, fahari ya Afrika Mashariki, kilianza kuwadhuru watu. Mwaka 1991 madaktari wa Nairobi walichapa habari katika jarida la London: katika wagonjwa wa kifua kikuu wasio na virusi vya UKIMWI, ni mmoja tu katika mia aliyedhuriwa ngozi na thiasetazoni, lakini katika wenye virusi alikuwa mmoja katika watano. Ngozi ilitoka malengelenge ikabambuka kama ya mtu aliyeungua, na wengine walikufa. Dawa iliyosalia ya badala yake ilikuwa ghali. Kwa miaka kadhaa nchi maskini zilibaki na uchaguzi mbaya, kisha thiasetazoni ikaachwa kabisa.

Hapo ndipo watu walipoikumbuka tena isoniazidi ya kinga. Majaribio mawili ya jirani yalichapwa mwaka 1997. Huko Kampala watu 2,736 wenye virusi vya UKIMWI waliandikishwa, na wale ambao kipimo cha ngozi kilionyesha wanavyo vijidudu vilivyolala, wakapewa isoniazidi kwa miezi sita, waliugua kifua kikuu kwa kadiri ya theluthi moja tu ya wenzao waliopewa kidonge kitupu. Huko Nairobi, jaribio la watu 684 halikuonyesha tofauti iliyo wazi kwa jumla. Ndugu wawili wa mama mmoja, na majibu mawili! Wenye kusitasita walishika jibu la Nairobi. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa ya kinga itolewe kwa wenye virusi, lakini ushauri wa karatasi haugawi vidonge, na katika hospitali nyingi za Kenya hakikutolewa hata kimoja.

Hoja za kusitasita zilikuwa tatu, nazo zastahili kusikilizwa. Ya kwanza ilikuwa hofu ya usugu: ukimpa kidonge kimoja mtu ambaye kwa kweli amekwisha kuugua, vijidudu vyake vingi vitajifunza kuishinda dawa. Ya pili ilikuwa kipimo cha ngozi. Tuberkulini hutaka kuwekwa mahali pa baridi, hutaka mkono uliozoea kuchoma sindano, na hutaka mtu arudi baada ya siku mbili au tatu ili asomwe mkono. Mama aliyetoka Mukurwe-ini kwa nauli ya kukopa harudi baada ya siku mbili. Ya tatu ni kwamba ini la baadhi ya watu hudhurika, hasa la wanywaji wa pombe.

Lakini palikuwa na hoja ya nne ambayo haikuandikwa katika majarida, nayo ndiyo ninayoiona kuwa mbaya zaidi. Kabla dawa za kupunguza makali ya virusi hazijafika katika hospitali za serikali, kuanzia yapata mwaka 2003, mwenye virusi vya UKIMWI alihesabiwa kuwa maiti anayetembea. Nani atampa kinga ya miaka mtu aliyedhaniwa kuwa na miezi? Kwa sababu hiyo watu wengi wa miaka ile walikufa kwa kifua kikuu, ugonjwa unaozuilika na unaotibika, huku jamaa zao wakinong'ona makaburini kwamba ni ule ugonjwa mwingine. Dawa ilikuwamo kabatini. Hiyo ndiyo mara ya pili ya kusahauliwa, na haikuwa kwa kutojua kama ile ya Prague.

Fundo lilifunguliwa kwa jambo dogo la ajabu: maswali manne. Wataalamu walikusanya habari za maelfu ya wagonjwa wakaona kwamba mwenye virusi ambaye hana kikohozi, hana homa, hapungui mwili wala hatoki jasho la usiku, karibu kwa hakika hana kifua kikuu kilichowaka. Kwa hiyo mwongozo wa dunia uliotolewa kwa mwaka 2011 ulisema kwamba kipimo cha ngozi si lazima, wala eksirei si lazima. Muuguzi wa zahanati ya mashambani, asiye na mashine yoyote, aweza kuuliza maswali manne akaanza kazi. Juu ya hayo, dawa za virusi peke yake ziligunduliwa kupunguza kifua kikuu kwa karibu theluthi mbili, na jaribio la Ivory Coast lililochapwa mwaka 2015 lilionyesha kwamba zote mbili pamoja ni bora kuliko moja. Katika matokeo ya kuwafuatilia yaliyochapwa mwaka 2017, wale waliokuwa wamepewa isoniazidi walikufa kwa uchache wa zaidi ya theluthi kuliko wenzao.

Mwaka 2015 Kenya ikaanza kugawa isoniazidi ya kinga nchi nzima kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ilikuwa miaka hamsini kamili tangu jaribio la Egsmose, Ang'awa na Poti kuchapwa.

Katika hospitali kuu ya Nyeri, ambayo zamani ilikuwa ya mkoa na tangu mwaka 2013 ni ya kaunti, katika Mathari na Tumutumu, na katika hospitali za Kerugoya, Chuka na Meru, kazi hiyo huangukia kliniki ile ambayo watu huitaja kwa herufi zake tu, CCC. Mtu huja kuchukua dawa zake za virusi. Huulizwa maswali manne. Akiwa na jibu la ndiyo hata kwa moja, hupelekwa kupimwa makohozi, wala hapewi kinga mpaka ijulikane. Akiwa hana, hupewa isoniazidi ya miezi sita, na pamoja nayo vitamini inayoitwa piridoksini ili vidole vya miguu visife ganzi. Huonywa kwamba akiona macho yamekuwa ya manjano au akitapika sana aache na arudi upesi. Huulizwa pia juu ya pombe; na ni sadfa ya kuangaliwa kwamba mwaka ule ule wa 2015, mwezi wa Julai, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe hatari ziharibiwe katika nchi hii ya mlima, ambako zilikuwa zimewaangamiza vijana. Ini lililokwisha kuchoshwa na pombe za namna ile halivumilii dawa nyingi.

Shida ya leo si kukosekana kwa dawa tu. Vidonge vya siku 180, juu ya vile vya virusi ambavyo ni vya maisha yote, ni mzigo kwa mtu ambaye haumwi. Wengine huanza wakaacha mwezi wa pili. Wengine hufungasha vidonge katika karatasi visigongane mkobani, ili mama mkwe asisikie mlio. Kuwalazimisha hakufai. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu huko Kapsabet, mbali na mlima wetu, walifungwa gerezani kwa kosa la kuacha dawa, yaani mtu mwenye kikohozi cha kuambukiza akatiwa katika chumba kilichojaa watu! Mahakama Kuu iliamua mnamo tarehe 24 Machi 2016 kwamba kumfunga mgonjwa gerezani kwa sababu hiyo ni kinyume cha Katiba. Na kama hiyo ndiyo hukumu juu ya aliyeugua, sembuse mtu ambaye hajaugua? Kwake hakuna njia ila kueleza, na kueleza tena, mpaka aridhike.

Sayansi imejaribu kuupunguza mzigo. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba isoniazidi ikichanganywa na dawa nyingine, rifapentini, yatosha kunywewa mara moja kwa juma kwa majuma kumi na mawili, na Kenya imeuingiza utaratibu huo katika miongozo yake ya kinga. Lakini si kila mtu aweza kuutumia, kwa maana rifapentini hugombana na baadhi ya dawa nyingine, na daktari hana budi kuziangalia kwanza zote anazokunywa mtu huyo.

Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2015 na 2016, wa kwanza wa namna yake tangu ule wa miaka ya 1958 na 1959, ulionyesha kwamba karibu wagonjwa wanne katika kila kumi wa kifua kikuu hawakuwa wakijulikana na hospitali yoyote. Wako majumbani, sokoni, katika matatu zilizofungwa madirisha kwa baridi ya asubuhi. Mtu aliyekunywa vidonge vyake vyote na kulizima kaa lake aweza kupanda matatu ile akavuta kaa jipya, kwa sababu isoniazidi huua vijidudu vilivyomo, haimwekei mtu ngao dhidi ya vile vya kesho. Kwa ajili hiyo mwongozo wa dunia wa mwaka 2018 ulishauri kinga isiwe ya wenye virusi vya UKIMWI peke yao, bali ifikirie pia wote wanaokaa nyumba moja na mgonjwa, wakubwa kwa wadogo, nao ndio watu wale wale waliotembelewa majumbani mwao na kupewa vidonge nchini Kenya katika miaka ya 1960.